Gia ya Boti Inapogoma: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kufungua Mguu

Waliozoea maziwa yenye kina kifupi, boti ikiwagomea hutupa nanga, wakatulia, wakatafuta kosa bila haraka. Sisi wa Kigoma hatuna bahati hiyo. Ziwa Tanganyika linashuka hadi mita 1,470, na sehemu nyingi za pwani yetu mlima unaingia majini kama ukuta. Ukitoka ufukweni kidogo tu, kamba ya mita 30 inaning'inia bila kugusa chochote. Boti iliyopoteza gia huku inakwenda upepo unakotaka, na kati ya Mei na Agosti kusi likivuma haliulizi abiria ni wangapi.

Ndiyo maana nawaandikia wenye boti ambazo injini imekaa ndani, upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, na mguu wa kuendeshea, wenye gia na propela, uko nje nyuma. Hazilingani kwa wingi na boti za mashine za kupachika nje zinazopakia watu pale Kibirizi, lakini zipo: za kupeleka wageni Gombe na Mahale, za doria, za watu binafsi. Nyingi ninazozishika ni MerCruiser zenye mguu wa aina ya Alpha au Bravo, na Volvo Penta kidogo. Zikisumbua gia, mafundi wengi wa mashine za kupachika huwahi kusema meno yamekwisha.

Naomba ulishike hili kabla hujaazima spana: gia ikigoma, mara nyingi meno ya gia hayana kosa lolote. Kosa liko kwenye kebo, kwenye urekebishaji wake, au kwenye silensa, yaani mzunguko wa injini ikiwa imetulia, iliyopandishwa juu kupita kiasi. Mguu ni kitu cha mwisho kufungua.

Nimeliona mara nyingi, ila moja halinitoki. Mzee mmoja mwenye boti ya wageni aliniita akiwa ameshaambiwa aagize mguu mzima kutoka Dar es Salaam. Gia ya mbele ilikuwa inaingia kwa kusukumwa na mikono miwili, rivasi haiingii kabisa. Nikamuuliza ilianza lini. Akasema, "Tangu tulipobadilisha betri, fundi." Betri ya zamani ilikuwa ndogo, mpya ni kubwa zaidi, N70, na haikuenea kwenye kitako chake, kwa hiyo kijana wake aliisogeza ubavuni. Nilipoinyanyua, kebo ya gia chini yake ilikuwa imelala bapa kama utambi wa kandili. Tukaifungua, tukaipitisha njia nyingine kwa muda. "Jaribu sasa, mzee wangu." Akasukuma kwa vidole viwili, ikaingia. Kebo ile ilibidi ibadilishwe hata hivyo, kwa sababu kebo ikishaminywa hairudi, lakini mguu mzima haukuagizwa.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza, hata kama boti ni yako mwenyewe. Tatizo lilianza lini, na siku hiyo kiliguswa nini? Gia inagoma kuingia, au inagoma kutoka? Inalia kwa mlio wa kusaga? Injini inazima ukiitoa kwenye gia? Inaingia vizuri halafu inaruka ukikanyaga mafuta? Injini inanguruma lakini boti haiendi? Kila jibu lina mlango wake, na ukiandika majibu hayo kwenye karatasi umeshaokoa nusu ya siku.

Kujitayarisha

Zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni mwako, si kwenye dashibodi. Mtu anayegusa propela ndiye akae na ufunguo. Kama betri inafikika kirahisi, ng'oa waya wake wa hasi pia.

Usiwashe injini boti ikiwa nchi kavu bila maji ya kupooza. Kwenye Alpha pampu ya maji iko ndani ya mguu, na feni yake ya mpira ikizunguka kavu inaungua kwa muda mfupi sana. Kama huna mpira wa maji wenye vikombe vya kufunika matundu ya mguu, jaribio lolote la injini lifanyie majini, boti imefungwa kamba mbele na nyuma kwenye gati au kwenye mti imara.

Na ukijaribu gia injini ikiwa imezimwa, usilazimishe mkono wa gia. Meno yanaweza kuwa yamekutana kichwa kwa kichwa. Mtu mmoja azungushe propela polepole kwa mkono huku mwingine anasukuma gia, na meno yatapata nafasi yake. Nimeona mikono ya gia iliyovunjwa kwa kukosa subira ya sekunde tano tu.

Jua uko na klachi ya aina gani

Hapa inabidi nikae kidogo, maana asiyejua hili anatibu ugonjwa usiokuwepo.

Alpha ina klachi ya meno, na iko chini kabisa, karibu na propela. Gia mbili zinazunguka muda wote kinyume na mwenzake, na katikati yake kuna kipande chenye meno ya mraba kinachoteleza mbele na nyuma. Kikikaa katikati, hiyo ni nyutro. Kikisogea upande mmoja, meno yake yanaumana na ya gia ya upande huo. Hakuna kulainisha hapo, ni chuma kuingia kwenye chuma. Ndiyo maana mkono wa gia wa Alpha unasukumwa kwa uthabiti na kwa haraka. Anayeubembeleza, akidhani anaitunza, anayaacha meno yagongane ncha kwa ncha mara kumi kabla hayajaingia, na kila mgongano unapunguza kona kidogo. Kona zikishakuwa mviringo, gia inaruka ikibeba mzigo.

Bravo na Volvo Penta nyingi zina klachi ya koni, na iko juu, kwenye kichwa cha mguu. Koni inabanwa kwenye kikombe na msuguano ndio unaoendesha. Hizi haziumani meno, lakini zinategemea sana oili sahihi. Zikiwekewa oili isiyo yake, au oili yenye maji, zinateleza au zinagoma kuachia.

Kwa aina zote mbili, ukitoka mbele kwenda rivasi, simama kwanza kwenye nyutro injini ishuke.

Hatua ya kwanza: silensa

Kabla ya kugusa kebo, angalia mzunguko wa injini ikiwa imetulia. Injini nyingi za kabureta za MerCruiser zinatakiwa ziwe kati ya mizunguko 600 na 700 kwa dakika zikiwa kwenye gia. Ya kwako hakikisha kwenye kitabu chake. Ikiwa imewekwa 1,000 kwa sababu ilikuwa inazima asubuhi, basi mlio wa kusaga unaousikia si wa gia mbovu. Tibu kwanza kinachoizimisha asubuhi: kabureta chafu, plagi, mafuta yenye maji. Halafu rudisha silensa mahali pake na ujaribu gia tena. Kazi nyingine zinaishia hapo.

Hatua ya pili: tenganisha kebo mbili

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, maana inakata ugonjwa katikati kama kisu.

Kwenye Alpha, kutoka kwenye mkono wa gia mpaka kwenye mguu kuna kebo mbili, si moja. Ya kwanza inatoka kwa nahodha na kuja mpaka kwenye bamba la gia lililofungwa kwenye injini. Ya pili inaanza kwenye bamba hilo, inatoboa tezi, na kuingia mguuni. Zinakutana kwenye bamba. Tafuta pale, utaziona zimeshikwa kwa nati na pini ndogo za kukunja miguu.

Fungua ya nahodha tu. Nyoosha pini kwa plaizi, weka nati na washa (ile pete bapa ya chini ya nati) kwenye kopo ili zisidondoke chini ya injini, kisha toa ncha ya kebo. Sasa mwenzako asukume mkono wa gia mbele, nyutro, nyuma. Ncha ya kebo itoke na kuingia laini, bila kukwama. Ikiwa ngumu, ugonjwa uko upande wa nahodha: kebo imekauka, imepinda kona kali, imeminywa na tangi au betri, au kisanduku cha mkono wa gia kimejaa grisi iliyoganda. Ifuate kwa kidole urefu wake wote. Kidole kinaona kuliko jicho, hasa kule chini ya sakafu.

Ikiwa laini, upande huo ni mzima. Mwachie mwenzako kazi ya kuzungusha propela, na wewe shika ile kebo ya pili pale kwenye bamba, uisukume na kuivuta kwa mkono. Isogee kwa nguvu ya mkono mmoja. Kwenye nyutro propela izunguke huru pande zote mbili. Ukiingiza gia, ishike. Ikiwa ngumu, au unaisikia ikikwaruza kama ina mchanga ndani, umeshampata mgonjwa.

Kebo ya chini ndiyo mshukiwa mkuu

Kama ningeambiwa nitaje kitu kimoja bila kuiona boti, ningetaja kebo hii. Inapita nje ya boti, chini ya maji, ikiwa imevikwa mpira wenye mikunjo kama kodiani. Mpira huo ukichanika, au kebo yenyewe ikipasuka ganda, maji yanaingia. Maji yetu ni baridi, si ya chumvi, na wapo wanaojipa moyo kwa hilo. Chuma kinaota kutu hata kwenye maji ya kunywa.

Dalili yake kubwa ni hii: gia inaingia, lakini ukiitoa, injini inazima. Unaporudisha mkono nyutro kebo inakataa, na swichi nitakayoieleza kwenye hatua inayofuata inabaki imebanwa na kukata moto. Dalili nyingine ni gia kuwa ngumu zaidi usukani ukiwa umekatwa kona. Na ya tatu ni maji yanayoongezeka chini ya injini boti ikiwa imepaki.

Ukifungua ncha ya kebo na kuvuta waya wa ndani, utaona mwenyewe. Waya mzima unatoka unang'aa na umelainika. Wa kebo mbovu unatoka na tone la maji ya rangi ya chai kavu, na ukiupitisha kati ya vidole unachoma, kwa sababu nyuzi zake zimeanza kukatika moja moja. Usiupake oili ukaurudisha. Utafanya kazi wiki moja, halafu utakatika mbele ya Gombe na watu ndani.

Kuibadilisha ni kazi ya nchi kavu. Mguu unatoka, na kebo inapitishwa upya kwenye tundu lake na mpira wake. Ukishafika huko, badilisha mipira yote ya mikunjo, hata kama mingine inaonekana mizima, kwa sababu spea zinatoka mbali na huwezi kufungua mguu mara mbili kwa mpira mmoja. Angalia pia zile bonge za chuma zinazoliwa badala ya mguu. Zinazouzwa mjini mara nyingi ni za zinki, na zinki ni ya baharini; kwa ziwa tafuta za magnesiamu.

Hatua ya tatu: swichi ya kukata moto

Hii ni ya Alpha. Meno yakiwa yamebeba mzigo yanang'ang'aniana, kwa hiyo kiwanda kiliweka swichi ndogo kwenye bamba la gia. Unapotoa gia, mkono wa bamba unaibana kwa nukta moja, moto unakatika kidogo, meno yanalegea, gia inatoka, swichi inarudi.

Injini ikiwa inanguruma taratibu, bana kile kimkono cha swichi kwa kidole. Injini ikwame, ukiachia, iendelee. Isipokwama kabisa, swichi au waya wake umekufa, na ndiyo sababu gia haitoki. Kisha angalia kigurudumu chake kidogo, kinatakiwa kilale katikati ya mfereji wenye umbo la V, gia ikiwa imeingia na ikiwa nyutro pia. Kikiwa kimeegemea upande, usiilaumu swichi. Kebo ni ngumu au haijarekebishwa, na unaweza kubadilisha swichi tatu bila kupona.

Hatua ya nne: oili inasema

Iache boti ilale usiku mmoja mguu ukiwa wima. Asubuhi legeza polepole skrubu ya oili iliyo chini ya mguu na ukinge kwenye kopo la wazi. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeshachanganyika na maji. Kuna sili inayovuja na haina maana kuongeza mpya juu yake kabla hujaipata.

Skrubu nyingi zina sumaku kwenye ncha. Ute mweusi laini, kama wanja, ni wa kawaida. Vipande unavyovisikia kwa kucha, vyenye ncha, hivyo ndivyo vinavyohalalisha kufungua mguu. Ukijaza upya, pampu kutoka tundu la chini mpaka oili itoke juu bila mapovu, funga ya juu kwanza, kisha ya chini, zote kwa washa mpya.

Injini inanguruma, boti haiendi

Hapa watu husema gia imekufa. Chora kwanza mstari mmoja kwa kalamu ya rangi, au kwa rangi ya kucha kama ipo nyumbani, upite kutoka kwenye kitovu cha propela mpaka kwenye mwili wake. Endesha dakika chache, rudi, angalia. Mstari ukiwa umekatika na kuachana, mpira wa ndani ya propela unateleza na gia yako haina habari. Mstari ukiwa mzima, na nyuma ya injini kuna harufu ya mpira ulioungua, fikiria kiunganishi cha injini na shafti. Hicho ni kazi kubwa; tafuta fundi aliyewahi kukifanya.

Kama gia inaruka ukikanyaga mafuta, kebo ni laini na vipimo viko sawa, basi ni kweli, kona za meno zimekwisha. Utakapotoa mguu, kumbuka Alpha hutolewa na kurudishwa ikiwa kwenye gia ya mbele, na Bravo ikiwa nyutro. Ukikosea hapo viungo vya ndani havikutani, na bolti hazitavuta mguu mahali pake hata ukazibana mpaka zikatike.

Kurekebisha

Kwenye Alpha kipimo cha kebo ya chini ni inchi 6, yaani milimita 152, kutoka katikati ya pipa, kile kipande cha shaba kinachozungushwa kwenye kebo, mpaka katikati ya tundu la ncha yake. Pima kwa rula, si kwa macho. Aina nyingine zina vipimo vyake kwenye vitabu vyake. Kebo ya nahodha irekebishe mwisho: mkono uwe nyutro, mguu uwe nyutro, na ncha ya kebo idondoke kwenye msumari wake yenyewe. Ikibidi uivute au uisukume ili ifike, zungusha pipa mpaka isihitaji. Nati ya ncha usiikaze kufa, maana pale panatakiwa pacheze. Weka pini mpya.

Kisha rudia jaribio la propela: mbele ishike, nyutro izunguke, rivasi ishike. Fanya mara kumi, usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia.

Ikikukuta ziwani

Wakalishe abiria, kila mtu na jaketi lake la kuokolea. Zima injini. Kama ni Alpha ya kabureta na inazima kila ukigusa gia, chomoa nyaya za ile swichi, ziache hewani zisigusane, na itakufikisha nyumbani, ingawa kutoa gia kutakuwa kugumu. Kama kebo ya nahodha imekatika, ifungue kwenye bamba, sukuma ya chini kwa mkono mpaka gia ya mbele, halafu washa. Tahadhari kubwa iko hapo: mkono wa gia uko nyutro, kwa hiyo injini itakubali kuwaka ilhali propela inazunguka papo hapo. Pasiwe na mtu amesimama, wala aliye majini karibu na tezi.

Unarudi ukiwa na gia moja tu na huna breki. Usiingie na boti hiyo ufukweni injini ikiwa inanguruma. Kibirizi na Katonga saa za jioni kuna watoto wanaogelea na akina mama wanaoosha vyombo, wamegeuzia ziwa mgongo. Zima injini mbali, mita mia moja au zaidi, iache boti ipoteze mwendo, na umalizie kwa makasia.